Jembe au Msafiri

Kitale,
Jumapili, saa tisa mchana.

Baba,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza hali. Na hata ulipokuwa hai hukuzipenda barua zinazoanza kwa "natumai u mzima". Ulisema mwenye kutumai hana habari. Basi naanza na habari. Nafula amepata cheti chake cha kuzaliwa. Jina la mama yake humo linafanana na lile la pasipoti, ingawa wewe na mimi tunajua si jina lake. Na aliyelifanikisha jambo hili ni wewe, miezi sita baada ya kukuzika.

Nimeketi kwenye meza ya saiba, duka langu la intaneti. Mlango nimeurudisha nusu, kompyuta zote tatu nimezizima. Shajara yangu iko wazi hapa kando ili nisikosee siku. Wewe ndiwe uliyeniambia, nikiwa kidato cha pili, kwamba mtu asiyeandika tarehe anapiga domo tu, na tangu hapo sijapitisha siku bila kuandika walau mstari mmoja. Nataka kukueleza kwa mpangilio. Nikivuruga utanisamehe, maana kuna mahali mkono unakataa.

Nianze na kosa langu.

Jumanne, wiki ya pili ya mwezi wa sita, Kukhu Nasimiyu aliingia hapa akiwa amemshika mjukuu wake Nafula mkono. Walikuwa wametoka nyumbani asubuhi. Kukhu alisimama mlangoni akazitazama kompyuta kama mtu anayetazama ng'ombe wa wenyewe, kisha akasema, "Nekesa, nimekuja kwako kwa sababu baba yako hayuko." Nilimpa kiti. Nafula amekuwa mrefu, Baba. Ana miaka kumi na miwili na anasoma kila kitu kilichoandikwa ukutani, hata bei za kuchapisha.

Unakumbuka kwamba mama yake, Naliaka, yuko Kanada mwaka wa tano sasa. Kazi yake huko ni kuwatunza wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawasukuma kwenye viti vya magurudumu wakaote jua. Kukhu aliniuliza, "Sasa hao wazee, watoto wao wako wapi?" Nikamwambia huko watu huzaa watoto wachache, na hao wachache wako kazini. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi wangu ni saba," akasema, "na maji ya kuoga najibebea."

Alicheka, lakini hakuwa amekuja kucheka. Naliaka alikuwa amekubaliwa kumchukua mtoto wake. Barua ilitaka cheti cha kuzaliwa cha Nafula kabla ya mwisho wa mwezi wa saba, na cheti chenyewe hakikuwepo. Mtoto alizaliwa nyumbani, alfajiri ile mvua ilipokata barabara ya kwenda Lugulu hospitalini. Kilichokuwepo ni karatasi ya kijiji uliyoiandika wewe, yenye muhuri wa naibu wa chifu, ambayo Kukhu alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia.

Nikamwambia asijali. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefanya kazi hii kila siku. Nikafungua fomu ya serikali, nikajaza. Nilipofika kwenye jina la mama nikaitazama nakala ya pasipoti: Nariaka. Nikatabasamu, Baba. Nilimwona kabisa yule karani aliyemsikiliza Naliaka siku ya kuchukua kitambulisho, akaandika alichosikia. Mimi binti ya liguru, mzee wa kijiji mwandika majina, niruhusu kosa kama hilo lipite mbele ya macho yangu? Nikalisahihisha. Nikaandika Naliaka, aliyezaliwa msimu wa palizi. Nikatuma.

Siku tisa baadaye jibu likaja: jina la mama halilingani na hati yake ya kusafiria. Nikatuma tena, sasa nikiandika Nariaka. Likaja jibu la pili: jina la mama halilingani na taarifa ya kuzaliwa. Taarifa hiyo ni yako, na wewe uliandika Naliaka. Kwa mfumo wa serikali, mtoto mmoja alikuwa amezaliwa na wanawake wawili, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuthibitishwa.

Nimeandika kwenye shajara siku hiyo maneno matatu tu: "Kosa ni kusahihisha."

Nilimpigia simu Kukhu nikamwambia mfumo umekataa.  Kisha akauliza, "Huyo Mfumo ni mtu wa wapi?" Nikajaribu kumweleza. Akanikatiza, "Nipereke kwake nikaongee na yeye. Mwambie mimi ndiye niriyekata kitovu cha huyu mtoto. Yeye arikuwa wapi?"

 Fikiria, Baba. Zamani serikali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, ikikaa kwenye stuli nje ya nyumba yetu, ikinywa chai. Siku hizi iko karibu zaidi, iko ndani ya simu mfukoni, na haimjui mtu hata akiishika mkononi.

Hapo ndipo nilipoyakumbuka madaftari.

Acha niliseme hili ambalo sikuwahi kukuambia. Siku ulipokuja kuiona saiba kwa mara ya kwanza, ulivaa koti lako la baraza. Ulizunguka meza zote, ukaona watu wanaomba leseni, wengine kitambulisho, mama mmoja anasajili biashara, ukasema, "Kumbe serikali imehamia hapa." Watu wakacheka. Mimi nikaona aibu, nikadhani unanikejeli. Ukaniuliza kama ningependa kuyaleta madaftari yako huku, yakae mahali pakavu. Nikakujibu mbele ya wateja, "Hayo madaftari, Baba, siku hizi ni ya kuwashia moto."  Ulivaa kofia yako. Ulipofika mlangoni ulisema tu, "Haya, mayi," kama ulivyokuwa ukiniita siku zote, kana kwamba mimi ndiye niliyekuzaa wewe. Nimeliandika neno lile siku ile na nimelisoma mara nyingi.

Basi Jumamosi nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameliweka sanduku chini ya kitanda chake. Madaftari kumi na manne, yamefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake ile kadi yako.

Kadi ile! Kipande cha boksi, umekichora kwa mkaa, kisha ukarudia kwa kalamu. Upande mmoja herufi L, kubwa kama kiganja, na kando yake jembe: mpini umesimama, bapa limelala chini. Upande wa pili R, na kando yake mtu aliyejitwika mzigo kichwani, mguu mmoja mbele. Nilikuwa mdogo nilipokuuliza kwa nini huwaulizi watu tu kama jina lao lina L au R. Ukaniambia nijaribu. Nikamwuliza mzee aliyekuwa ameketi pale: ni L ya lori au R ya redio? Akajibu kwa uhakika kabisa, "Ni ya rori." Nikamwuliza tena. "Si nimesema? Rori, kama ile ya redio." Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

Kwa hiyo hukuwahi kuuamini ulimi wa mtu yeyote, hata wako. Uliinua kadi ukauliza, "Jembe au msafiri?" Mtu akagusa kwa kidole. Aliyekuwa hajui kusoma, ulimwuliza jina alipewa kwa ajili ya nani, ukamtafuta huyo babu au shangazi kwenye madaftari ya nyuma. Nilidhani ni mchezo wa kizee. Sikujua kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hata cheo chako kilikuwa na zote mbili, na barua zako zilikuja zimeandikwa Riguru, Ligulu, na moja, unaikumbuka, ilizungukia Lugulu kwanza.

Nilikaa sakafuni kwa Mama nikasoma. Sikutafuta Nafula moja kwa moja. Nilianza mwanzo. Baba, nimeona kijiji kizima kikiondoka ndani ya madaftari yako. Katika yale ya kwanza, kila ukurasa ni kuzaliwa. Kisha zinaanza safu ulizoziongeza mwenyewe kwa rula: "yuko Kitale", "yuko Nairobi", "yuko Mombasa". Daftari la kumi, "yuko Doha". La kumi na mbili, "yuko Kanada". Kuna boma uliloandika majina kumi na moja, na mwaka jana ukaandika mbele yake, "Amebaki nyanya na wajukuu watatu." Hakuna aliyekuagiza kuandika hivyo. Hakuna fomu iliyouliza. Lakini wewe uliona kwamba serikali ingekuja siku moja kutafuta watu wake pale ilipowaacha, isiwakute.

Na kwenye daftari la kumi na mbili nikalikuta ingizo nililolihitaji. Nalinakili hapa kama ulivyoandika:

"Leo amekuja Naliaka wa Nasimiyu, mama wa Nafula. Naliaka: jembe. Kitambulisho kimetoka Nariaka: msafiri. Nimemwambia arudi kirekebishwe. Anasema safari imekaribia, pasipoti nayo imeandikwa hivyo hivyo. Nimenakili namba ya kitambulisho. Ni mtu mmoja. Ameweka kidole."

Na chini, alama ya kidole gumba chake, ya wino wa buluu.

"Ni mtu mmoja." Nilimwita Mama aje asome. Alisoma, akanishika bega.

Jumatatu tulikuwa Bungoma mapema, mimi, Kukhu na Nafula, na barua mpya ya naibu wa chifu, na daftari hilo, lile la mwaka aliozaliwa Nafula na kadi yako nimevifunga kwenye leso. Foleni ilikuwa imeshafika nje. Zilikuwa zimebaki siku tatu mwezi uishe. Afisa wa dirishani alikuwa kijana mtaratibu, Kiswahili chake si cha huku kwetu, na sitamsingizia ubaya wowote: alisikiliza. Nikamfungulia ukurasa. Akasoma, akageuza nyuma, akageuza mbele, uso ukabadilika.

"Madam, hii ni nini sasa? Jembe, jembe, msafiri, jembe. Hii si ni stoo ya shamba?"

Nilianza kueleza. Nilijisikia tena nikiwa ile siku ya saiba, ila sasa mimi ndimi niliyeleta madaftari na mwingine ndiye anayeyabeza. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mwanamume mwenye gambuti za mpira miguuni, muuza mbuzi wa soko la Chwele. Akanyoosha shingo.

"Hiyo si daftari ya Riguru Wanjara? Afisa, hata mimi ni jembe! Wafura. Angaria kitamburisho!"

Afisa akakichukua. Wafula. Kwa L.

Mama mmoja akasema yeye pia ni jembe. Mwanamume wa makamo akapaza sauti kutoka nyuma, "Barasa hapa! Mimi ni msafili!" Na mwenye gambuti akamgeukia, "Msafiri gani na wewe hujawahi kupita Webuye, bana?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni.

Afisa hakucheka. Aliona kitu. Akasema wote walioandikishwa na mzee huyo wapitishe vitambulisho, na kila mmoja aseme kwanza ni jembe au msafiri kabla yeye hajatazama. Walikuwa sita. Walijibu mmoja mmoja, wakitamka majina yao vile vile tunavyotamka sote, L imekaa pa R, R imekaa pa L. Na kila kitambulisho alichokigeuza kilikuwa sawa na neno walilolisema. Wote sita. Kisha akalirudia lile ingizo la Naliaka, akalinganisha namba ya kitambulisho na ile iliyo kwenye nakala ya pasipoti, tarakimu kwa tarakimu, kidole kikifuata.

 Akasema, polepole, "Huyu mzee alikuwa na mfumo wake."

Kukhu, ambaye muda wote alikuwa ameegemea ukuta, akasimama wima. "Kumbe Mfumo ndiye Wanjara!" akasema. "Si mngesema? Mimi namjua tangu akiwa kijana."

Baba, nilitamani uione. Watu walipiga makofi ndani ya ofisi ya serikali. Afisa mwenyewe alicheka hapo, akaupiga ukurasa wako picha, akaambatanisha, akaandika maelezo yake kwamba Naliaka na Nariaka ni mtu mmoja, akatia sahihi. Nafula aliomba alitazame daftari la mwaka wake. Alilitafuta jina lake mwenyewe, akalipata: "Nafula. Jembe. Alfajiri, mvua kubwa." Akaligusa kwa kidole, bila kuambiwa.

Cheti kilitoka siku mbili baadaye, ikibaki moja. Nafula amekwisha kupewa tarehe ya safari. Kukhu anasema hatalia, na analia kila siku. Nilimwuliza atabaki na nani. Akasema ana wale wawili wadogo wa mwanawe wa Nairobi, "na maji ya kuoga bado nitajibebea." Sijui serikali itafanya nini na nyumba kama ile, Baba. Nimejua tu kwamba haiwezi kufanya lolote kabla haijajua nani yumo ndani, na wewe ulijua.

Sasa nifike pale ambapo mkono unakataa.

Siku ile dirishani, nilipokuwa nayafunga madaftari, afisa aliniuliza, "Na huyu mzee tunaweza kumpata? Kuna majina mengi hapa yanatusumbua." Nikamwambia ni baba yangu, amefariki. Akasema pole. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama cheti cha kifo tulishachukua.

Hatukuwa tumechukua. Kibali cha mazishi tulipata, ndiyo, la sivyo tusingekuzika. Lakini cheti sikukiomba. Mimi, ninayewajazia watu fomu hiyo kila wiki, nilikuwa nikiifungua ile yako, nikifika kwenye jina naifunga. Mara nne. Zote zimo kwenye shajara. Kwa hiyo kwa miezi sita serikali ilikuwa ikidhani ungali hai, na mimi niliiacha idhani hivyo. Ujumbe wao ulikuja kwenye simu yako ukikutaka uhakikishe taarifa zako, na niliufurahia kama salamu.

Afisa akavuta kibodi. "Jina la marehemu?"

"Wanjala," nikasema. Au nilidhani nimesema hivyo. Pengine nilisema kama tunavyosema sote. Vidole vyake vikasita juu ya kibodi. Akanitazama.

"Jembe au msafiri?"

Ulinipa jina la mavuno, Nekesa, ukasema umechagua lisiloweza kuharibiwa na ulimi wa mtu. Ndiyo maana katika maisha yangu yote sikuwahi kuulizwa swali lile. Nilikuwa nikikuona ukiwauliza wengine tu.  Nilitoa kadi yako kwenye leso, nikaiweka kwenye dirisha, nikagusa L kwa kidole.

"Jembe," akasema yeye, akaandika.

Liko sawa. Nimelikagua mara tatu. Hakuna herufi iliyokosewa kwenye kifo chako.

Madaftari yako sasa yako hapa, kwenye rafu ya juu, pakavu. Nimeyapiga picha kurasa zote na nakala nimewapelekea Bungoma, kwa kuwa waliomba, kwa barua yenye muhuri. Kadi nimeitundika ukutani, juu ya kompyuta ya kati. Kitale si kijiji chako. Hapa anaingia Mpokot, anaingia Mkisii, anaingia mama wa Kisomali mwenye duka karibu na msikiti ambaye jina la mumewe limeandikwa kwa njia tatu katika hati tatu, na shida yao si L na R. Kila ulimi una shimo lake. Kwa hiyo nimeanza kuchora kadi nyingine. Michoro yangu ni mibaya. Mama wa Kisomali ameniambia ngamia wangu anafanana na mbwa.

Daftari la kumi na nne uliliacha katikati. Kurasa arobaini na tatu ziko tupu, nimezihesabu. Nimepiga rula, nimeweka tarehe, na nimeandika ingizo la kwanza kwa mkono wangu: Nafula, anakokwenda, anakwenda kwa nani, na jina la mama yake, yote mawili. Ameweka kidole. Nakuahidi nitazijaza zilizobaki, na sitasahihisha jina la mtu kabla sijamwuliza.

Lala salama, Baba. Neno lile la kuwashia moto nimelifuta kwenye moyo wangu, ila kwenye shajara nimeliacha, kwa sababu wewe hukufuta kitu chochote ulichokwisha kukiandika.

Binti yako,
Nekesa wa Wanjala (jembe).